Uji wa Mama Mkwe na Kipimo cha Sukari

Daftari lenyewe ni la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Ukurasa wa kwanza nimeandika: Asubuhi, kabla ya kula, 5.1. Basi. Nesi alisema niandike namba, nami nikaandika namba. Maneno yalianza kuingia baadaye, kwanza moja moja pembeni, kama vile "mvua" au "amecheza sana", halafu yakazizidi namba. Leo mtoto amelala, nimelifungua ili niyaandike vizuri yale ya msimu wa mafenesi, kwa sababu nikiyasimulia kwa mdomo huwa najipendelea. Nimeligundua hilo. Kila nikisimulia, kosa langu linapungua kidogo. Kwenye daftari limebaki na ukubwa wake.

Tunakaa upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, huku kwenye iliki, ndizi na mafenesi. Nyumba iko kwenye shamba la ukoo wa mama yangu, maana kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Mume wangu ndiye aliyenifuata. Yeye ni mtu wa Turiani, na wakati wa miwa hurudi kule kukata, akakaa miezi kadhaa, kisha akapanda tena mlimani. Mama yangu alishafariki.

Mimba yangu ya kwanza ilifika mwezi wa tisa. Tumbo lilikuwa kubwa na kila mtu alilisifu. Mtoto alizaliwa mnene, mzuri, na hakulia. Sitaandika zaidi ya hapo, ila niseme kwamba daktari aliniambia huenda ilikuwa sukari. Alisema "huenda", hakusema "ni". Nalishika neno lake kama alivyolisema.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipoingia nilishuka kliniki mjini mapema. Wakaninywesha maji ya glukosi, wakanisubirisha kwenye benchi, wakanitoa damu, na majibu yakarudi kwamba sukari ipo, tena ya kuanzia sindano. Habari ikafika kijijini kabla yangu. Siku ya pili pale bombani jirani yangu mmoja akanipokea na ndoo kichwani:

"Jamani nyie! Mume anakata miwa Turiani, mke anaitunza sukari mwilini! Hii familia mtafungua kiwanda."

Wanawake wote wakacheka. Mimi pia nilicheka. Ningependa kuandika kwamba iliniuma, lakini ukweli ni kwamba ilichekesha, kuuma kulikuja nilipofika nyumbani.

Nesi wa kliniki alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mpole, mwenye haraka ya kazi lakini si ya maneno. Alinipa kipimo chenyewe, kidogo kama kiberiti, na kopo la vile vijiti bapa wanavyoviita stripu, na kalamu yenye kisindano cha kutobolea kidole. Kisha akachukua simu yangu akaniwekea programu. Ukipima, unaingiza namba, na programu inaweka nukta: ya kijani kama namba ni nzuri, nyekundu kama imezidi. Nukta hizo anaziona na yeye huko mjini. Simu ililia mara nne kwa siku kunikumbusha: asubuhi kabla sijala kitu, halafu saa mbili baada ya kila mlo.

"Asubuhi isifike tano nukta tatu," alisema. "Baada ya kula isifike sita nukta saba. Na kila mara kabla ya kupima, nawa mikono kwa maji na sabuni, kausha. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, dada."

Nilisikia, tena niliandika. Neno "nawa" lipo ukurasa wa pili, kwa mwandiko wangu. Nalitaja sasa hivi ili nisije nikamsingizia mtu huko mbele.

Shida moja ilikuwa mtandao. Nyumbani haushiki. Inabidi upande hadi kwenye jiwe kubwa lililo juu ya shamba la jirani, usimame upande unaotazama Kingolwira na reli kule chini, ndipo nukta zinaondoka. Kila jioni nilipanda na tumbo langu, nikasimama pale kama mtu anayeadhini, simu juu.

Mama mkwe alikuja nilipokuwa na miezi mitano. Alisema mwanawe hawezi kukaa Turiani na amani wakati mimi niko peke yangu na tumbo lenye ugonjwa. Alikuja na gunia dogo la mchele wa kwao, zawadi, na siku hiyo hiyo nikalazimika kumwambia kwamba mchele nimepunguziwa. Akalitazama lile gunia, akanitazama mimi.

"Basi nimebebea panya," alisema.

Alikuwa hajawahi kukaa mlimani. Siku za kwanza alitembea amejishika kwenye migomba. "Hivi nyie watu wa huku, usiku hamuangukii nje?" aliniuliza. "Mnajifunga kamba kitandani?" Lakini alikuwa mtu wa kazi. Chupa yangu ya insulini, kwa kuwa hatuna friji, alinitengenezea mahali: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga aliokuwa akiulowesha kila asubuhi. Nesi ndiye aliyeelekeza kwa simu, yeye akafanya, tena akafanya vizuri kuliko maelezo. Kipimo alikiita kimdudu. Simu ikilia tu, yeye jikoni anapaza sauti:

"Haya, kimdudu kinadai damu yake!"

Na jioni alinipikia uji wa ulezi, mzito, usio na kitu. Alikunywa na yeye kutoka chungu hicho hicho. Alisema hawezi kunywa utamu mbele ya mtu aliyenyimwa.

Zile wiki nikizisoma kwenye daftari ni nzuri mno. 4.9. 5.0. 4.8, "amecheza sana". Nukta kijani, isipokuwa mbili za mwanzoni, zimejipanga kama mbaazi. Nesi alinitumia ujumbe: "Hongera mama, endelea hivyo hivyo." Niliusoma mara nyingi. Mimi si mtu wa kusifiwa shuleni, niliishia darasa la saba, na nadhani ule ujumbe ulinilevya.

Kisha yakaiva mafenesi.

Huku kwetu fenesi lililoiva sana halifiki mjini zima, linapasuka njiani. Kwa hiyo wanawake tunaamka alfajiri, tunakusanyika pale gari linapoishia, tunayapasua, tunatoa vipande na kuvipanga kwenye ndoo zenye mifuniko. Gari linaondoka saa moja kamili na halimngoji mtu. Aliyewahi kupasua fenesi anajua utomvu wake. Maji hayautoi. Ukiosha kwa maji na sabuni unaganda vizuri zaidi na vidole vinashikana. Dawa yake ni mafuta ya kula: unapaka mikono kabla ya kuanza, na ukimaliza unamwagia mafuta kidogo kwenye kitambaa, unafuta, mikono inabaki laini inang'aa. Sisi tumekua hivyo. Kwetu, wakati wa mafenesi, mtu aliyefuta mikono kwa mafuta amenawa. Hakuna anayefikiria vingine.

Simu yangu ilikuwa inalia saa kumi na mbili na nusu. Saa hiyo mimi niko katikati ya mafenesi, sijala kitu, kama ilivyotakiwa. Nafuta mikono kwa kile kitambaa, natoboa kidole, napima, naingiza namba, narudi kwenye fenesi. Niliona fahari kwamba sikosi hata siku moja.

Asubuhi ya kwanza: 8.9. Nikadhani stripu mbovu. Ya pili: 9.6. Ya tatu: 10.2. Nukta nyekundu, nyekundu, nyekundu.

Nesi alinipigia nikiwa jiweni. "Mama, jana usiku ulikula nini?"

"Uji wa ulezi na mchicha."

"Uji una sukari?"

"Hauna."

"Nani anaupika?"

"Mama mkwe wangu."

"Una uhakika hauna sukari?"

Yeye aliuliza kama anavyotakiwa kuuliza. Sina neno naye. Lakini lile "una uhakika" nilishuka nalo kwenye kijinjia kama mtu aliyebebeshwa mzigo. Nilianza kuuonja uji kwa ulimi mwingine. Nikauona mtamu. Siku moja mama mkwe akiwa bombani nilipekua jikoni, na nyuma ya debe la unga nikakuta chupa ya asali, imepungua kidole kimoja hivi.

Sikumuuliza. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, wala si kwenye mikono. Nilipanda jiweni nikamtumia mume wangu ujumbe wa sauti. Bado upo kwenye simu, nimeusikiliza tena leo ili niuandike sawasawa. Ni huu: "Nakuomba uongee na mama yako. Ananiwekea asali kwenye uji na ananificha. Najua ananipenda. Lakini atamuua huyu mtoto kwa upendo wake, kama alivyokufa yule."

Sauti yangu ni ya mtu anayelia. Hilo halipunguzi kitu, ila ndivyo ilivyo.

Mume wangu aliusikia jioni ile akiwa Turiani. Alichofanya sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa, ingawa ningetamani angefanya vingine: siku iliyofuata alimpigia mama yake, ambaye alikuwa amepanda jiweni kuongea na binti zake, na alipoona maneno yake mwenyewe hayatoki, akamchezea ujumbe wangu. Alitaka mama asikie jinsi ninavyoogopa. Mama alisikia mengine.

Niliporudi kutoka shambani nilikuta jikoni mioto miwili imewashwa badala ya mmoja.

"Chungu chako kile pale," mama mkwe alisema bila kugeuka. "Unga ule pale. Uji wako utaupika mwenyewe. Mimi nitakuchotea maji na kukulowekea mchanga wa dawa yako, basi."

"Mama..."

"Maji sina haja ya kuyaonja, wala hayana cha kufichwa."

Unapaswa kuelewa kwamba alikuwa kwenye ardhi ya ukoo usio wake. Angeweza kufunga nguo zake akashuka na gari la mafenesi asubuhi. Kila siku nilitegemea ashuke, na sijui kama niliogopa au nilitamani. Hakushuka. Alichota maji, alilowesha mchanga, alibeba mafenesi kutoka bondeni akayaleta pale tunapopasulia, na hakusema neno zaidi ya salamu. Hata kimdudu hakukitaja tena. Simu ikilia, jikoni kimya.

Na namba? Niliupika uji kwa mikono yangu, bila kitu, nikaunywa peke yangu, na asubuhi ikasema 9.9. Hapa mtu mwenye haki angesimama. Angesema: kumbe si uji. Mimi nilijiambia kwamba ile sukari ya zamani bado imo mwilini, haijaisha. Nimeandika hivyo kabisa: "Bado inatoka." Halafu kuna jambo lingine, lipo wazi kwenye daftari kama jua: nukta za baada ya kula zote zilikuwa kijani. Na Jumapili gari haliji, hatupasui, na Jumapili mbili zile zote kijani. Nesi aliliona. Aliniuliza, "Mbona Jumapili ziko vizuri?" Nikamjibu, "Jumapili tunapumzika." Akasema sawa, mapumziko husaidia. Tulikuwa wawili tunaolitazama jibu na hatulioni, ila yeye alikuwa mbali na mimi nilikuwa na harufu yake mikononi.

Daktari wa mjini, kwa namba zile nilizompelekea, akaongeza sindano ya usiku. Angefanya nini? Mtu hutibu anachoambiwa. Siku nne baadaye asubuhi ikawa bado 9 na kitu, akaongeza tena.

Asubuhi iliyofuata sindano hiyo ya pili ndiyo nataka kuiandika polepole.

Kulikuwa na ukungu. Nilikaa kwenye gunia langu, fenesi la pili limefunguka mbele yangu, na nikaona mikono haishiki. Vidole vilitetemeka kama vya mlevi. Jasho likanishuka mgongoni na huku kuna baridi. Wenzangu walikuwa wanasukumana na ndoo, gari linapiga honi, hakuna aliyenitazama. Simu ikalia. Nikafuta mikono kwa kitambaa cha mafuta, nikatoboa, nikapima.

8.7. Nyekundu.

Mama mkwe alikuwa anapanda kutoka bondeni na fenesi begani. Aliponiona alilitua chini kabla hajafika.

"Una nini?"

"Sukari iko juu."

"Unatetemeka."

"Ni sukari, mama."

Alinishika paji la uso na nyuma ya mkono. "Mwanangu, hii ni njaa. Mimi nimezaa saba, nimelima, nimekata miwa na mimba. Njaa naijua ikiwa ya mwenzangu hata nikiwa nimefumba macho."

"Kipimo kinasema nane nukta saba."

Akainama, akachukua kipande cha fenesi kutoka kwenye ndoo yangu, akakileta karibu na mdomo wangu. Nikageuza uso. Mkono wake ukabaki hewani na kile kipande cha njano. Kisha akaushusha.

"Hapana," alisema. "Sitaki nimuue mtoto kwa upendo wangu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba aliyasikia maneno yenyewe, kama nilivyoyasema. Nilikuwa nadhani aliambiwa tu kwa kifupi.

Midomo ilikuwa imekufa ganzi. Nilifikiria mtoto, nikamtafuta kwa mkono, hakucheza. Na hadi leo sijui ningefanya nini, kwa sababu nilikuwa na namba mkononi na niliamini namba kuliko mwili wangu, na yeye aliamini mwili wangu lakini nilikuwa nimemfunga mikono.

Akachuchumaa mbele yangu. Akanyoosha kidole.

"Nipime mimi."

"Mama, stripu..."

"Nipime! Tuone kama kimdudu chako kina akili."

Kidole chake ni kigumu, nilitoboa mara mbili. Tone likatoka. Nilipokisogeza kipimo, stripu ikanata kwenye ngozi yake, ikagoma kutoka, ikavuta uzi mwembamba wa utomvu. Tukasubiri. Ikatoka 16.4, nikamsomea.

Tulitazamana.

"Mimi," alisema, "ambaye nimebeba mafenesi matatu toka bondeni bila kupumzika, ni mgonjwa mara mbili yako?" Akakigeuza kipimo huku na huku. Akakinusa. Kisha akanusa kidole chake. Nakumbuka uso wake ulivyobadilika, ukaanza kwenye macho. "We mtoto. Hiki hakionji damu. Hiki kinaonja fenesi!"

Alipiga kelele akaomba maji. Yule jirani wa bombani, yule wa kiwanda, ndiye aliyekuja mbio na galoni na kipande cha sabuni. Mama mkwe akaniosha mikono kama anavyooshwa mtoto, kidole kimoja kimoja, na palipoganda akasugua kwa kucha. Akanikausha kwa ncha ya kanga yake. Akachagua kidole cha mwisho cha mkono wa pili, ambacho hakikuwa kimegusa sana, akakiosha tena.

"Sasa pima."

2.6.

Sikuhitaji programu iniambie. Mama mkwe hasomi, lakini aliona uso wangu.

"Iko chini?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Naruhusiwa?"

Aliuliza hivyo. Mtu mzima, mama wa mume wangu, ameshika kipande cha fenesi, ananiuliza mimi kama anaruhusiwa. Nikafungua mdomo. Akanilisha kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, kwa mkono wake uliojaa utomvu, na alikuwa anasema, "Tafuna. Meza. Tafuna. Meza." Jirani alitaka kusema neno la mzaha, nikaona linamfika kwenye meno, akalimeza. Gari lilikuwa limeshaondoka. Ndoo zetu mbili zilibaki chini na hakuna aliyezijali.

Baada ya muda jasho likakauka. Tukapima tena, mikono imeoshwa tena: 4.3. Na mtoto akapiga teke, moja, upande wa kushoto. Nikamchukua mkono mama mkwe nikauweka pale. Akapiga la pili.

"Eeh," alisema. "Na yeye alikuwa na njaa."

Tulipanda jiweni pamoja, yeye nyuma akinisukuma. Nesi alipokea mara ya kwanza. Nilimweleza yote, na kwa sababu nilikuwa nalia, mama mkwe akanipokonya simu akamweleza upya. Nesi akasema sindano irudi kama ilivyokuwa kabla ya kuongezwa, na nishuke mjini siku hiyo hiyo nikaonwe. Kisha akauliza, "Kwani mama hanawi?"

"Ananawa," mama mkwe akamjibu. "Kwa mafuta."

"Kwa mafuta?"

"Fenesi, mwanangu. Fenesi halinawiwi kwa maji."

Nesi akatuambia jambo ambalo nimeliandika: "Mimi nilisema mnawe. Sikuuliza mnanawaje, wala asubuhi mnafanya kazi gani. Samahani, mama." Sikuona kwamba alistahili kuomba samahani, kwa sababu alisema maji na sabuni, na mimi niliandika. Lakini aliomba.

Mimi sikuomba siku hiyo. Nilijaribu kwenye bodaboda tukishuka, upepo ukayachukua maneno, au nilifurahi kwamba yamechukuliwa. Niliporudi nilifanya kama inavyofanywa kwetu jambo likiwa zito: nilimwita mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, aje anisemee. Akaja amevaa koti. Mama mkwe akampa kigoda, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Mjomba, nimekuheshimu. Lakini hili si la ukoo, hili ni la uji. Nataka kulisikia kwake."

Mjomba akanywa chai, akaaga. Nadhani alifurahi kuondoka.

Nikapiga magoti pale pale jikoni, na tumbo langu. Nikasema nimekukosea, nilikusingizia, tena nyuma yako, tena kwa kumtaja marehemu. Akaendelea kukoroga.

"Ile asali," alisema, "nilikuwekea."

Nikainua uso.

"Wiki ya kwanza nilipofika. Ulikuwa huli, umekonda mashavu. Kijiko kimoja, mara mbili. Halafu nikamsikia nesi kwenye simu anavyokuelekeza, nikaacha. Iliyopungua baadaye ni kikohozi changu." Akagonga mwiko kwenye ukingo wa chungu. "Kwa hiyo hukusingizia yote."

Nilikwenda kuangalia daftari. Wiki ile ya kwanza kuna asubuhi mbili zenye 5.6 na 5.7, ambazo nilikuwa nimeziwekea alama ya kuuliza. Nikamwonyesha. Akacheka kwanza, halafu akasema zifutwe, halafu akasema hapana, ziache.

"Tuko sawa sasa, mama?"

"Hatujawa sawa bado," alisema. "Lakini uji unapoa. Sogeza bakuli."

Akauzima ule moto wa pili kwa kuumwagia maji. Jioni ile tulikunywa kutoka chungu kimoja. Sitaandika kwamba kila kitu kilirudi. Kuna neno nililolisema ambalo halifutiki kwa maji wala kwa mafuta, na siku nyingine namwona analikumbuka. Lakini kila asubuhi alfajiri alitangulia mbele yangu na galoni na sabuni, na simu ikilia alipaza sauti kule mafenesini mbele ya wanawake wote, "Haya, kimdudu kinadai damu! Nawa kwanza, kisije kikala fenesi!" Nikamshukuru Mungu kwa kelele ile. Nukta zikawa kijani.

Nilijifungua mjini, wiki kadhaa kabla ya hesabu yangu kutimia. Daktari hakutaka kusubiri, wakanianzishia uchungu. Mume wangu alikuja moja kwa moja kutoka Turiani, masizi ya miwa bado kwenye kola. Sikuwa nasikiliza uchungu, nilikuwa nasikilizia sauti. Ilipokuja ilikuwa ndogo, kama paka aliyefungiwa kabatini, kisha ikawa kubwa.

Saa moja baadaye nesi wa wodi, mwingine kabisa, aliingia na kipimo kama changu. Mtoto wa mama mwenye sukari lazima naye apimwe, wanamtoboa kisigino. Mama mkwe alikuwa amemshika mjukuu wake kifuani. Hakumtoa.

"Shikamoo, bibi," nesi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umenawa?"

"Nimenawa, bibi."

"Kwa maji au kwa mafuta?"

Nesi alimtazama kama anayetafuta ugonjwa. Mume wangu akageukia dirishani. Mimi nilicheka hadi nikashika tumbo, na kulikuwa kunauma kila mahali.

"Kwa maji, bibi. Na sabuni."

"Na kisigino chake hiki?"

"Ninakifuta sasa hivi. Tazama."

Mama mkwe akatazama, kweli, kwa karibu, hadi pamba ilipotupwa. Kisha akausogeza ule mguu mdogo kwa nesi, yeye mwenyewe. Mtoto akatobolewa, akapayuka, akawa mwekundu wote. Namba ikatoka, nesi akasema ni nzuri kwa mtoto wa saa moja, hana shida.

"Lete daftari," mama mkwe aliniambia. "Andika na yake."

Nikaandika chini ya za kwangu: Mtoto, 3.4. Na pembeni, pale ninapoweka maneno, nikaandika: analia.